Habari za Ndunge Aliyeing'oa Filta ya Levante

Zimeni redio, enyi watu wa Machakos! Ninyi wa Kola mnaorudi na majembe begani, ninyi wa Kalama mliokaa kuchambua maharagwe, nanyi mafundi ambao grisi ya mikono yenu imeishinda hata sabuni ya kipande, sogeeni mkasikie. Hizi si habari za wafalme wala za majeshi. Ni habari za Ndunge, mjane wa Maundu, mwanamke wa kimo kifupi na subira ndefu, na jinsi alivyoshuka chini ya gari siku ya Ijumaa, peke yake, akapigana na filta ya oili mpaka ikasalimu amri.

Gari lenyewe lilikuwa Mazda Levante ya kijani kilichopauka, lenye umri wa kutosha kuchukua kitambulisho na kupiga kura. Miezi minane tangu Maundu azikwe lilikuwa limesimama kando ya ghala la mahindi, kuku wakilala chini yake kama raia chini ya ngome. Koti la Maundu lilikuwa kimya msumarini. Viatu vyake vilikuwa kimya mlangoni. Katika vyote alivyoviacha, gari peke yake ndilo lililokuwa na sauti, na Ndunge hakuwa tayari kuipoteza hiyo pia.

Na sauti hiyo ilikuwa na namna yake. Tangu zamani, kila asubuhi injini ilipowashwa ikiwa baridi, ililia ka-ka-ka-ka kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha ikatulia na kunguruma kwa adabu. Wageni walishtuka. Maundu alikuwa akiinua kidole na kusema, "Ngojeni. Inapiga mswaki."

Lakini baada ya mazishi mswaki uliongezeka. Ukawa mrefu, ukawa mkali, ukasikika mpaka kwa majirani. Ndipo alipotokea Muindi, kaka mkubwa wa Maundu, Muindi wa sauti nene, mtoa hukumu kabla ya mashtaka. Kila alipokuja aliliwasha gari, akasikia ile ka-ka-ka, akalizima mara moja kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Siku ya Jumatano akasimama mbele ya boneti, akashika kiuno, akanena.

"Shemeji, mimi sio mtu wa kufichaficha maneno. Hii gari imenoki. Injini imekufa, imebaki kuzikwa. Niko na mtu Athi River, ananunua magari ya kukatakata. Anakuja Ijumaa saa sita na lori la kuvuta."

"Haijanoki," Ndunge akajibu. "Inapiga mswaki."

"Mswaki wa dakika nzima? Ni meno ya mamba hayo?"

"Na ikinyamaza kabla ya Ijumaa saa sita?"

Muindi akacheka mpaka kuku wakahama. "Ikinyamaza, ikae hapo mpaka iote mizizi. Lakini saa sita ni saa sita, shemeji. Mtu wa watu hatoki Athi River kuja kuangalia mandhari."

Hivyo ndivyo vita vilivyotangazwa.

Alhamisi asubuhi Ndunge alishuka mjini. Akaenda kwanza kwa Wesley, fundi kijana mwenye spana nyingi na mashaka machache, ambaye ndiye aliyebadilisha oili ya gari lile wiki ya mazishi, lilipohitajika kuwabeba waombolezaji.

"Mathe, hiyo ni kufungua injini yote," Wesley akasema kabla hata hajaulizwa. "Tunaishusha chini, tunaivua kila kitu."

"Kwanza niambie. Siku ile uliweka filta gani?"

Wesley akajivuna. "Orijino kabisa, ya Mazda. Mimi sio mtu wa kubahatisha. Si imeandikwa Mazda puani? Na hata logbuku ya gari inasema Mazda?"

Ndunge akaaga. Maundu hakuwa mtu wa kununua filta popote tu. Kila mara alikwenda kwa mtu mmoja, akarudi na kisanduku kimoja kidogo na hadithi tatu. Basi naye akaenda huko, kwa Shaaban wa spea, mzee wa kofia nyeupe isiyowahi kuguswa na grisi, mwenye kuzijua nasaba za magari ya Japani kuliko watu wajuavyo binamu zao.

"Pole sana, mama," Shaaban akasema, akamsogezea kiti. "Maundu alikuwa mteja, tena rafiki. Gari iko wapi siku hizi?"

"Inangoja kukatwa, mzee." Akamweleza yote: kelele, Muindi, saa sita, na filta ya Wesley.

Mzee akaiweka kalamu chini. Akakohoa. Na wateja wengine walipoona amekohoa, wakajua hotuba imekuja.

"Sikiliza, mama. Hawa Wajapani ni jamaa wanaoazimana watoto. Bighorn alizaliwa kwa Isuzu, akapelekwa kwa Honda, huko akaitwa Horizon. Terios ni wa Daihatsu, lakini Toyota akamvisha shati lake, akamwita Cami. Na hii yenu, hii Levante, mimi namjua alikotoka! Ni Escudo huyu, damu ya Suzuki. Mazda alimchukua, akambandika jina kwenye pua, akamwandikisha kwa logbuku. Uso ni Mazda. Tumbo ni Suzuki! Sasa huyo fundi wako amesoma uso, akalisha tumbo chakula cha jirani."

"Na kelele?"

"Ndani kuna cheni. Cheni inakazwa na oili. Gari ikilala, oili inashuka chini, cheni inalegea, asubuhi inapigapiga mpaka oili ipande. Filta inayofaa iko na kiraka cha mpira ndani, kinaizuia oili isishuke yote. Iliyowekwa haina. Badilisha. Ikilia, usiizime. Iache oili ipande."

Akampa kisanduku na kopo la oili. "Usimwambie fundi nimemcheka," akaongeza, akacheka.

Ijumaa ikafika na jua lake. Ndunge wa subira ndefu akajifunga leso mbili, akatandika gunia, akaingia chini ya gari kama aingiaye pangoni kwa chui. Na huko juu, katika giza la vyuma, akamwona adui: mweusi, wa mviringo, ukubwa wa kopo la maziwa, aliyekazwa na Wesley kwa nguvu zote za ujana. Akamshika kwa mkono. Mkono ukateleza. Akamshika kwa kitambaa. Kitambaa kikateleza, ngumi ikagonga chuma, na likamtoka neno ambalo mwandishi wa habari hizi hataliandika.

"Ndunge!" Nthambi, jirani yake, akaita kutoka upande wa pili wa ua. "Unapigana na nani huko?"

"Na Mazda!"

"Mwambie nimemsalimia!"

Saa nne ikapita. Saa tano ikabisha hodi. Ndunge akatoka chini, akaingia chumbani, akasimama mbele ya msumari. Mshipi wa ngozi wa Maundu ulikuwa pale juu ya koti, na lile tundu la mwisho alilolitoboa mwenyewe alipoanza kukonda. Hakusimama sana.

"Samahani," akauambia. "Kuna kazi."

Akarudi pangoni. Akauzungusha mshipi kwenye shingo ya adui, akaupitisha kwenye bizimu yake ya chuma, akakanyaga tairi, akavuta. Ngozi ikalia. Mishipa ya shingo ikasimama. Majeshi ya kuku yakatawanyika kushoto na kulia. Akavuta tena kwa nguvu za miezi minane, na tazama, filta ikatoa mlio mdogo, kri, ikazunguka! Damu nyeusi ikammwagikia kwenye paji la uso, naye akaipokea kama mafuta ya kutawazwa.

Akaipaka oili pete ya mpira ya filta mpya, akaifunga kwa mkono mtupu, akajaza oili. Akaketi kwenye usukani, akawasha.

Ka-ka-ka-ka-ka!

Mkono wake ukaruka kwenda kwenye ufunguo, kama mkono wa Muindi. Akaurudisha. Ukaruka tena. Basi akaukalia. Akahesabu moja, mbili, tatu, meno yakimwuma; nne, tano, sita. Kwenye saba, kelele ikakatika. Ukabaki mngurumo mzito, laini, wenye adabu. Ule ule.

Ndunge hakulia. Aliisikiliza tu.

Saa sita kamili Muindi akashuka kwenye lori lililokuwa likinguruma langoni, akaingia, na nyuma yake mtu wa Athi River mwenye miwani ya jua.

"Haya, shemeji!" Muindi akanguruma. "Saa sita. Washa tusikie kilio cha mwisho."

"Inawaka, shemeji."

"Nimesema washa!"

"Nami nimesema inawaka."

Muindi akaupitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Krrrraaak! Stata ikapiga ukelele juu ya injini iliyokuwa ikizunguka tayari, na jemadari akaruka nyuma mpaka akakalia ndoo ya kuku.

Mtu wa Athi River akavua miwani, akaweka sikio kwenye boneti. "Mzee," akasema, "umenitoa mbali hivi kwa gari nzima? Mimi nanunua maiti." Akageuza lori lake, akaenda.

Muindi akajipangusa. Akalizunguka gari mara mbili. Akasoma pua yake, akatikisa kichwa. Mwisho akafungua mlango wa abiria, akaketi, akafunga mkanda.

"Basi nipeleke mjini," akasema kwa sauti ambayo Ndunge hakuwahi kuisikia kwake, ndogo. "Nilikuja kwa lori la yule."

Ndunge akakanyaga klachi, na mguu haukufika chini. Kiti kilikuwa bado kimesukumwa nyuma kabisa, kwa urefu wa miguu ya Maundu; siku zote hizo aliliwasha gari akiwa ameketi ukingoni. Muindi akaona. Akaangalia nje, upande wa ghala.

Ndunge akainama, akashika kile chuma chini ya kiti, akavuta. Kiti kikakwama. Akavuta tena. Kikaja mbele vidole vinne: tundu la kwanza, la pili, la tatu, mpaka miguu ikafika.

Na ijulikane kwa wote watakaokuja baada yetu kwamba Ijumaa ile, saa sita na robo, huko Kola, Ndunge mjane wa Maundu aliteka nchi yenye upana wa vidole vinne, na hakuirudisha tena.