Vita vya Devotha na Mwizi wa Saa Nane Usiku

Kaeni kitako, enyi watu wa Ikwiriri na Kibiti, wa mtoni na wa barabarani, nanyi mliotoka bara mkaja kufundisha na kutibu mkasahau njia ya kurudi. Wekeni chini vikombe, zimeni redio, na aliye na ugomvi na jirani yake auahirishe mpaka kesho. Habari hii si ya sultani wala ya jemadari. Ni habari ya Devotha binti Wilbrod, mzaliwa wa Sumbawanga, Mshika Disketi wa Ikwiriri, Mwanamke Asiyetishika na Skrini, aliyekusanya madaftari ya mashine tatu kwa siku tatu, mbili za ardhini na moja ya mawinguni, akapambana na mwizi ambaye jicho la mwanadamu halijapata kumwona. Asiyeamini na aondoke sasa, asije akatukatiza katikati.

Ama baada ya hayo. Zilikuwa zama za soko huria, mwaka lilipofunguliwa daraja kubwa la Rufiji na kivuko cha Ndundu kikapata likizo, ushirika umelala usingizi wa pono na makampuni yanaota kama uyoga. Mojawapo, Ufuta Mwema, ilinunua ufuta na mpunga, na ili ionekane ya kisasa ikaweka kompyuta mbili: moja ofisini Ikwiriri, mikononi mwa Devotha, na moja ghalani Kibiti, mikononi mwa Bi. Chiku mtunza ghala. Kila asubuhi hizo mbili zilipeleka taarifa za magunia, kwa waya wa simu, kwenye mashine ya tatu ambayo kampuni iliipanga ng'ambo. Hiyo hakuna aliyepata kuiona. Wakubwa walisema iko Ulaya. Sharifu, dereva wa kampuni, alisema kitu kisichoonekana na kinachopokea maneno ya kila mtu hakiwezi kuwa Ulaya, kiko mawinguni, na jina hilo likashika.

Sasa jueni kwamba kompyuta ni mmbeya. Ndani yake mna daftari ambamo huandika, bila kuombwa na mtu, nani kaingia, saa ngapi, na katoka lini. Umbeya huo ndio uliozaa fitina. Bwana Joachim, mtaalamu mpya wa usalama kutoka makao makuu Dar es Salaam, mtu wa kalamu nne mfukoni, alipita Kibiti siku moja mchana, akachapa daftari la mashine ya ghala, akaondoka nalo bila kumwuliza Bi. Chiku lolote, kwa kuwa mtaalamu haulizi mtunza ghala. Alipolisoma, nywele zikamsimama. Siku arobaini, Jumapili tu zikikosekana, mtu aliingia kwenye mashine ile 02:04, 02:07, 02:03, yaani saa nane za usiku, wakati hata mbwa wa Kibiti wamechoka kubweka. Na mtu huyo akatoka 10:00, saa nne asubuhi, kweupe, bila haya wala soni.

Na nani alilinda ghala lile usiku? Ni Mzee Mwinyimvua, Bawabu wa Mabawabu, mwenye rungu na koti la jeshi lisilojulikana la nchi gani, miaka kumi na tisa mlangoni pale, tangu ghala likiwa la ushirika, na hajapoteza hata mfuko mtupu. Joachim akaandika kwamba mlinzi huyo ama anakula na mwizi sahani moja, ama analala. Ijumaa saa sita mchana atakuja mwenyewe na barua ya kumwachisha kazi, isipokuwa kama madaftari ya mashine zote tatu, yakiwekwa pamoja, yatasema vingine. Kazi ya kuyakusanya alipewa Devotha, siku ya Jumanne jioni.

Jumatano asubuhi Mzee Mwinyimvua akatokea Ikwiriri kwa lori la mkaa. Devotha alimwamkia, akampa kiti, akajiandaa kusikia hasira. Hasira haikuja. Mzee alivua kofia, akaitazama ile kompyuta kama mtu anavyomtazama hakimu, kisha akanena.

"Binti yangu, mimi nimekuja kukupunguzia taabu. Mashine haina sababu ya kunisingizia, hatuna ugomvi, hatujapata hata kusalimiana. Mimi naona sikulala. Lakini miaka yangu ni sitini na mitatu, na usingizi wa uzee huja kwa kunyata. Huenda ulinichukua ukanirudisha, nami nisijue. Ikiwa ni hivyo, andika tu kwamba nililala."

Maneno haya yalimchoma Devotha kuliko matusi. Angempigania mzee aliyekana, lakini huyu alikuwa tayari kuyakana macho yake mwenyewe kwa ajili ya karatasi. Akamwambia haandiki kitu asichokijua, akamnunulia chai na chapati, akafunga kitenge kiunoni. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Mashine ya kwanza, ya Ikwiriri, ilisalimu amri kabla ya adhuhuri. Ilikuwa yake mwenyewe, na ilimwogopa. Daftari lake likaingia kwenye disketi bila damu kumwagika, ukiondoa kidole kimoja kilichobanwa na droo.

Mashine ya mawinguni ilikuwa ngome nyingine. Kuifikia kulitaka waya wa simu, na waya wa ofisi ile ulikuwa mmoja, wenye simu mbili, ya pili ikiwa mezani kwa Bwana Twalha, mkuu wa ofisi. Naye alikuwa na desturi: kila robo saa huunyanyua mkono wa simu, husikiliza, huuweka, apate kuridhika kwamba simu ingali hai. Kila alipounyanyua, mawingu yalifunga. Siku ya Alhamisi Devotha alipanda mbinguni mara tisa, akaangushwa mara tisa. Alimwomba Bwana Twalha kwa adabu. Akakubali kwa adabu. Mkono ukaenda wenyewe. Mara ya kumi Devotha aliingia chumbani mwa Bwana Twalha, akainamisha kichwa, akasema, "Samahani mkuu," akaing'oa simu ile, akaifungia kabatini, na ufunguo akautia kifuani mahali ambapo Bwana Twalha, mtu wa heshima zake, hangethubutu kuufuata. Mkuu akakaa saa mbili nzima akiitazama meza yake kama mjane. Daftari la mawinguni likashuka, mstari kwa mstari, mpaka wa mwisho.

Ijumaa asubuhi Sharifu alimfikisha Kibiti, vumbi mpaka kwenye kope. Mashine ya mwisho ililindwa na Bi. Chiku, ambaye huifunika kanga mbili, moja ya vumbi na moja ya kijicho, na ambaye kwake hapiti mtu na njaa. Hapana mjadala uliomwokoa Devotha na wali wa nazi na kambare. Alikula haraka, akaangalia saa yake ya mkononi: saa nne na robo asubuhi. Joachim alikuwa njiani. Kanga zikafunuliwa, skrini ikawaka, na pale pembeni, mahali pa saa, mashine ikasema 04:15.

Devotha aliweka chini kidole alichokuwa akikilamba. Aliitazama saa ya mkononi, akaitazama skrini, akarudia, kisha akamwuliza Bi. Chiku, taratibu, nani aliyeigusa saa ya mashine hii.

"Mimi," akajibu Bi. Chiku, bila kusita, na kwa fahari. "Ilikuja ikiwa imeharibika. Jua limechomoza, nimefungua ghala saa mbili, yenyewe inasema nane. Saa ya mishale haina neno, mtu huangalia upande wa pili wa mshale. Hii ya tarakimu upande wake wa pili uko wapi? Nikairekebisha. Tangu hapo haijapata kunidanganya."

Ewe msikilizaji, tega sikio. Devotha alilitoa daftari la mawinguni. Mashine ya ng'ambo, isiyomjua Bi. Chiku wala mkwewe, ilikuwa imeandika taarifa ya Kibiti ikiingia kila asubuhi 05:09, 05:12, 05:08, kwa saa za Ulaya zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, zile zile zinazotajwa redioni. Akahesabu kwa vidole mara mbili, kwa kuogopa kufurahi mapema. Tano na tatu ni nane, nane ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa mbili ya asubuhi. Zile 02:04 zilikuwa saa mbili na dakika nne za asubuhi, na mwizi wa siku arobaini alikuwa Bi. Chiku, akifungua ghala lake mwenyewe, akinywa uji, na kulifunga 10:00, yaani saa kumi za jioni.

Saa sita Bwana Joachim aliwasili, barua mkononi, Mzee Mwinyimvua kasimama mlangoni katika koti lake lote, vifungo vyote vimefungwa. Mtaalamu alianza hotuba juu ya usalama katika karne mpya. Devotha alimwacha amalize, kwani adui aliyechoka hupigwa kwa urahisi, kisha akatandaza karatasi tatu juu ya magunia ya ufuta, akampitisha kwa kidole, mstari baada ya mstari. Kalamu nne zikatolewa, moja moja. Hesabu ikarudiwa. Jasho likamtoka mtu. Mwishowe akaagiza saa ya mashine irudishwe ilivyokuwa, na Bi. Chiku akamjibu kwamba hawezi kuishi na saa ya uongo chumba kimoja, kama Dar es Salaam wanataka sita zao wakaziongeze huko huko. Ukafanyika mkataba: saa ibaki, na karatasi ibandikwe juu ya skrini isomeke ONGEZA SITA. Joachim akaitia saini. Barua ya kuachisha kazi akaikunja mara nne, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu.

Devotha akatoka mlangoni kumpa mzee habari. Alikuwa ameandaa maneno makubwa ya ushindi, yakamkauka yote.

"Hakuna aliyeingia, baba. Ilikuwa saa tu."

Mzee Mwinyimvua aliegemeza rungu ukutani. "Kwa hiyo sikulala."

"Hukulala."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, baba."

Mzee aligeuka upande wa barabara, akajifuta uso kwa mkono wa koti, akarudi kusimama mahali pake, ingawa zilibaki saa saba zamu yake ianze. Devotha naye alilia, na hilo halimpunguzii ushujaa hata chembe.

Basi enyi waandishi wa falme, mlioandika nani aliteka mji gani na nani alikalia kiti cha nani, chukueni kalamu, ongezeni mstari huu mmoja: Kibiti, siku ya Ijumaa, ilithibitika kwa mashine tatu, za ardhini na ya mawinguni, kwamba Mwinyimvua hakulala.