Asili ya Chekeche Isiyojulikana

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kigiriki cha Kale, Athene,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, miwani ikiwa puani. Mimi ni Stamatis Koskinas, fundi chekeche hapa Kalofito, Thesalia, kama alivyokuwa baba na babu. Katika kamusi yako umeandika: “Koskinon: chekeche. Asili ya neno haijulikani.” Nina malalamiko.

1. Jina la ukoo wangu limetoka kwenye neno hilo. Jumapili iliyopita Mwalimu Prodromos, ambaye kijana wake anamposa binti yangu Evanthia, alikuja kwetu na kamusi yako badala ya keki. Akaisoma mezani, nyama ya mbuzi ikiwa bado ya moto, kisha akasema: “Bwana Stamatis, usinichukie, lakini mwanangu nitamwozaje kwa watu wasiojulikana walikotoka?” Posa imesimama. Evanthia hali wala hasemi, na mimi roho inaniuma.

2. Umesoma miaka mingi, ukashindwa kumuuliza fundi mmoja.

3. Unadokeza kwamba labda neno tuliwakuta nalo watu waliokuwa hapa kabla ya Wagiriki. Kabla ya Wagiriki hapakuwa na mtu. Nimemuuliza padri, naye hawajui.

4. Ujinga wako unatibika. Kwetu kitu kikiibwa, tunachomeka mkasi kwenye ukingo wa chekeche, watu wawili wanalining'iniza kwa kidole kimoja kimoja, tunataja majina. Likitajwa la mwizi, chekeche hugeuka. Basi mchana huu mimi na Mwalimu tutalishika na kuyataja mataifa. Likigeuka kwa Wagiriki, utachapa kamusi upya na kumwomba radhi binti yangu ukurasa wa kwanza.

Msalimie mkeo, makarani wako wote, na mpiga chapa, ambaye sina ugomvi naye.

Wako mwenye hasira na heshima,
Stamatis Koskinas

Nyongeza: Tumeshafanya. Wagiriki: kimya. Nikarudia kwa sauti: kimya. Mke wangu Zafiro, kwa utani wake usiojua wakati, akasema, “Hebu jaribuni Waturuki, huenda limelala.” Likageuka mara mbili, kwa hao hao waliowatawala babu zetu. Kidole kimoja kilikuwa changu na kingine cha Mwalimu, hivyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Mwalimu akafunga mlango, akaniambia, “Mkwe, hatujaona kitu.” Harusi ni Jumapili. “Asili haijulikani” ni maneno mazuri sana, Ndugu Mhariri, nakusihi usiyaguse.