Magoti ya Fundi Cherehani

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Habari kubwa! Kikundi cha sala kinatafuta kiongozi mpya. Yule mama aliyekiongoza miaka yote amehamia kwa binti yake. Jana Mchungaji alitangaza kwamba hapatakuwa na kura. Sote tuchukue zaburi moja, ile ya mtu anayemwomba Mungu amchunguze na kuujua moyo wake. Kila siku tuisome polepole, kila mtu peke yake, mlango umefungwa. Tusubiri hadi neno moja litushike. Tusali nalo. Kisha twende tukalitende. Jumapili atamchagua yule atakayeona kwamba Neno limemwingia.

Kiongozi ni mimi. Nani mwingine? Sauti ninayo, suti ninayo, na kiti cha mbele kimenizoea. Mpinzani ni mmoja tu: fundi viatu, jirani yangu hapa kibarazani. Nitamwita Bwana Taratibu. Husali kimya hadi watu hudhani amesinzia. Watu hupenda sana mambo ya namna hiyo.

Tatizo liko moja. Nikisali mlango umefungwa, nani ataniona?

Jumanne, tarehe 4
Nimepata jibu. Sitasema kwamba nasali. Vitu vyangu vitanisemea. Debe tupu ndilo linalovuma. Mimi nitakuwa debe lililojaa, lenye ushahidi.

Kwanza Biblia. Yangu ni mpya mno, kurasa bado zimegandana. Nimeikunjakunja, nimepiga mistari ya wino mwekundu, nimeidondoshea chai. Chai imezidi. Zaburi yenyewe haisomeki tena. Haidhuru, naijua kwa jumla.

Pili, magoti. Fundi asiyejua suruali inavyochakaa si fundi. Ya mwendesha baiskeli huisha makalioni. Ya mtu wa sala huisha magotini, katikati kwanza, kisha weupe unatambaa pembeni. Nimechukua suruali yangu ya kijivu ya kanisani na kipande cha tofali. Kazi safi! Mke wangu akauliza kwa nini naharibu suruali nzima. Nikamwambia ni mambo ya rohoni. Akasema basi hiyo roho iifue yenyewe.

Jumatano, tarehe 5
Tofali lilikuwa na bidii kupita kiasi. Tundu kila goti! Nimetia viraka vyeusi, vikubwa kwa makusudi, ili hata wa kiti cha nyuma wasipate taabu. Kwenye sala ya jioni nilipita mbele mara tatu kufungua dirisha lilelile. Kila mtu alitazama. Ushindi.

Baadaye Mchungaji akaniita pembeni. Akanishika bega, macho yamejaa huruma. Akauliza kama nyumbani tunakula. Kabla sijajibu akaingia stoo, akatoka na suruali kutoka kwenye lile boksi la misaada. Niliitambua palepale. Niliishona mwenyewe mwaka juzi, ya mwalimu mmoja mfupi. Sikuweza kukataa. Inaniishia juu ya vifundo vya miguu.

Bwana Taratibu alikuwa kwenye kona, amefumba macho. Hakuona hata kiraka kimoja. Wivu huo.

Alhamisi, tarehe 6
Leo ni ajabu. Niandike ilivyokuwa.

Mchana kifungo kilinidondoka, kikabingirika hadi chini ya meza ya kukatia. Nikapiga magoti kukitafuta. Pale kwenye kapu la vitambaa ilikuwapo Biblia ya mke wangu, niliyoazima baada ya yangu kunywa chai. Nikaifungua, kwa kuwa nilikuwa chini tayari. Nikafika kwenye lile ombi la kuchunguzwa, nikashindwa kuendelea. Nikarudia. Cherehani kimya. Sijui nilikaa muda gani. Niliogopa, kisha sikuogopa tena. Nikalia, na hapakuwa na mtu wa kuniona. Kitu kimoja tu kikanijia moyoni: ile sanamu.

Ni sanamu yangu ya kuvalishia nguo. Kwa miezi minne sasa naisimamisha kibarazani, upande wa Bwana Taratibu. Wapita njia wanaona magauni yangu, na yeye anabaki kivulini. Nilijua. Macho yake si mazuri. Juzi alijichoma kidole akishona soli, akakinyonya, akaendelea na kazi.

Nikatoka nikaisogeza. Hatua tatu tu. Jua likamwangukia mapajani. Akainua uso, akasema Mungu akubariki ndugu yangu, leo nauona uzi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.

Nikakimbia kumweleza Mchungaji. Hayupo! Nikamweleza muuza magazeti, kisha muuza mkaa, kisha bibi mmoja aliyeleta gauni la kupunguzwa. Bibi nimemweleza mara mbili, maana hasikii vizuri.

Ijumaa, tarehe 7
Nimempelekea Bwana Taratibu viatu vyangu vya kanisani, visigino vimelika. Nilivaa suruali ya viraka, asiseme hajaiona.

Akavishika kwenye ule mwanga wake mpya. Akatazama ncha. Akatazama viraka vyangu. Akatazama ncha tena. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba mtu akipiga magoti kiatu hujikunja vidoleni. Ngozi hufanya mikunjo pale, na ncha husuguana na sakafu hadi ikapauka. Ametengeneza viatu vya kanisa zima, anamjua kila mtu kwa ncha zake. Vyangu, alisema, vimekwisha visigino kwa kwenda huku na huku, lakini ncha bado zina rangi ya dukani.

Akaongeza kwamba hatamwambia mtu. Hilo limeniudhi kuliko yote!

Na jana nilisali kweli. Kweli kabisa! Nikiwa nimevaa malapa.

Jumapili, tarehe 9
Mchungaji aliwaita wenye ushuhuda. Wakasimama watu kumi na saba, kila mmoja akieleza kwa sauti kubwa alivyosali kwa siri. Mimi nilikuwa wa kumi na moja. Nilieleza habari ya sanamu vizuri sana, kwa mikono yote miwili. Zile hatua tatu zilifika kumi, na sanamu ikawa nzito. Mke wangu alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake muda wote. Bwana Taratibu hakusimama.

Mchungaji akainamisha kichwa. Kisha akasema hajapata kusikia siri nyingi hivyo kwa pamoja. Turudie. Wiki nyingine, zaburi ileile, na safari hii hataki ushuhuda wa mtu yeyote. Atapita tu kuwauliza majirani wanaofanya kazi karibu nasi, kisha atachagua.

Jirani yangu ni nani? Bwana Taratibu!

Jumatatu, tarehe 10
Nafasi ya pili! Mungu ni mwema. Na safari hii ninajua kosa langu lilikuwa wapi: ncha.

Nimeazima msasa kwa seremala. Nimesugua vile viatu, sasa vina visigino vipya, asubuhi nzima, polepole, kama tulivyofundishwa. Zaburi sijaifikia, mikono ilikuwa na kazi. Ncha zimepauka vizuri mno, utadhani nina miaka ishirini magotini. Kesho nitampelekea Bwana Taratibu, nimwambie uzi wa pembeni umelegea. Ataona mwenyewe, na Mchungaji akipita atasikia habari zangu.

Shida ni mwanga tu. Pale kibarazani sasa kuna jua jingi, na mikwaruzo ya msasa ataiona. Kwa hiyo nimerudisha sanamu mahali pake. Ni wiki moja tu. Amevuta kigoda hadi ukutani na anashona kwa kupapasa. Ninajua ataelewa, maana ni kwa ajili ya kazi ya Bwana.