Soseji Iliyovuka Abano

Alhamisi, 11 Julai

Ndiyo, naogopa mbwa. Umeuliza, nimejibu. Mtusheti mzima, mtu wa milimani, miaka arobaini na mitatu, ndevu hizi, babu zangu wameacha mnara wa vita juu ya jabali, na naogopa mbwa. Cheka. Ukimaliza tuendelee.

Swali kaniuliza mke wangu Tsiala asubuhi hii, huku anakunja mashati yangu na kuyatia kwenye mfuko bila kuniuliza. Kaka yake, shemeji yangu Shete, ana kondoo mia saba na mbwa tisa. Wale si mbwa, ni ndama wenye meno. Shete anataka nikachunge naye mpaka theluji. Tsiala anaona ni bahati. Nikamwambia nina kazi. Kazi gani? Ya utalii. Alicheka mpaka akakaa chini.

Atanijua! Mama Mzekala, mwenye nyumba ya wageni kule juu Omalo, kakubali kunijaribu. Wapolandi watano, wastaafu. Kesho nawapandisha kutoka huku bondeni, Jumamosi nawazungusha kutwa: asubuhi minara ya Keselo, kisha kwa miguu msituni mpaka Dartlo, kisha juu kabisa kwenye ngome ya Kvavlo. Wakirudi wazima na furaha, wageni wote wa Mama Mzekala kiangazi hiki ni wangu. Nikiharibu, naenda kwa Shete. Tsiala kaniapisha, mkono juu ya mkate.

Wageni hao walikuwa wa dereva mwenzangu Nugzari. Nilichofanya ni kumwambia Mama Mzekala kwamba goti la Nugzari limekwisha. Si uongo. Goti la kila mtu litakwisha siku moja.

Ijumaa, 12 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu.

Kila mtu anajua nguruwe hapandi Tusheti. Tangu enzi za mababu. Akivuka mlima, hata kipande, khati zetu zinakasirika, zile sehemu takatifu za mawe zenye pembe za kondoo. Mvua ya mawe inashuka. Gari linaingia korongoni. Mtu anaingia kwenye ukungu akienda kukojoa, haonekani tena. Kwa hiyo kila dereva anasimama kwenye daraja la mwisho na kuwauliza wageni: kuna nguruwe? Wakiwa naye, anabaki hapohapo darajani.

Nami ningesimama! Lakini pale darajani alikuwapo Nugzari, anapekua mabegi ya wageni wake wengine, amesimama kwa miguu miwili kama mnara. Kaniona. Kapiga kelele: "We Zezva! Goti langu linakusalimu!" Nikakanyaga mafuta. Ningefanyaje?

Njia ya Abano, ile ya kuvuka mlima, unaijua. Huku mwamba, huku hakuna kitu. Kwenye kila kona msalaba na picha ya dereva, anakutazama kama anakusogezea nafasi. Kiongozi wa Wapolandi ni Bi Bozhena, alikuwa mwalimu wa kemia, kofia yake pana kama sinia. Kaniuliza kwa Kirusi kwa nini nafumba macho kwenye kona. Nikamjibu nasikiliza injini.

Karibu na kilele, ukungu. Nikaguswa begani. Kula, Zezva, una rangi mbaya. Kuangalia: soseji! Nyembamba, ndefu, ya kahawia. Nikauliza ni ya mnyama gani. Niliuliza kwa matumaini. Akasema kwa fahari, nguruwe, kaitengeneza dada yake, na zipo kumi na mbili.

Nilifunga breki mpaka kofia yake ikaruka.

Kutupa? Hapo mlimani ndipo zitakapobaki. Kurudi? Njia haigeuziki, na Nugzari yuko nyuma. Ndipo akili ikafanya kazi. Msalaba wa kilele ulikuwa mbele yetu, kama hatua hamsini. Ng'ambo ya msalaba ni Tusheti. Kabla ya msalaba bado ni Kakheti, na Wakakheti wanakula nguruwe mchana na jioni na hawana neno na mtu. Basi ziliwe hapahapa!

Nikawashusha wote. Nikawaamuru: kuleni, zote, upesi. Walikuwa wameshakunywa chai, wakala tatu kwa adabu. Mimi nikala nane. Nimesimama, kwenye ukungu, nameza bila kutafuna, nageuka nyuma kila nikisikia injini. Mama mmoja akaanza kulia. Alidhani huku kwetu kuna njaa.

Tamu! Mungu anisamehe, lakini tamu.

Tulipopita msalaba ndipo nikakumbuka tumbo. Je, aliyevuka ni Zezva au ni nguruwe? Nimejitetea kwa khati njia nzima, kimoyomoyo, kwa heshima zote. Hakuna jibu. Kisha jiwe, kubwa kama yai, likaanguka juu ya boneti.

Lile lilikuwa jibu?

Jumamosi, 13 Julai

Niandike haraka kabla hawajaamua.

Asubuhi, wageni wanafunga viatu, akatoka Torghva, mume wa Mama Mzekala. Mwaka huu yeye ndiye mwenye sikukuu ya Atnigenoba. Bia ya shayiri ya kijiji kizima inachemka kwake, kwenye sufuria la shaba, ndani ya kibanda cha mawe. Mwanamke hakisogelei. Mwanamume mchafu, mwenye nguruwe tumboni, hakisogelei. Torghva kanyosha upawa: "Njoo uonje, ndugu yangu." Nikarudi nyuma. Nikasema jino. Akasema bia ni dawa ya jino. Nikasema basi ni tumbo. Upawa unanifuata! Nilitembea kinyumenyume uwanja mzima mpaka nikagonga gari langu. Torghva akacheka, akasema ameishi miaka sitini hajawahi kumwona Mtusheti anakimbia bia. Nugzari alikuwa ukutani, anavuta sigara. Yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri.

Keselo, salama. Bi Bozhena aliuliza nani kajenga minara. Babu yangu. Lini? Alipokuwa kijana. Nikawapandisha ngazi za ndani, mimi nikabaki chini kulinda mlango. Dhidi ya nani, akauliza mzee Zbigniev. Nikamwambia ndiyo maana nalinda, hatujui.

Msituni ngurumo ikaanza. Anga jeupe, jua linawaka, na ngurumo! Kila ikipiga nasema samahani. Wapolandi wakafikiri ni desturi. Kufika Dartlo nao wanasema samahani, wote watano, kwa pamoja, na wamevua kofia.

Tukala mkate wa jibini. Tukaanza kupanda Kvavlo. Njia nyembamba kama mkanda wa suruali, mto unaguna chini kabisa, na nusu ya njia mvua ya mawe ikatukuta. Niliipanda kwa mikono na magoti. Niliwaambia ndivyo wapiganaji walivyopanda, wasionekane na adui. Nao wakapanda hivyohivyo. Watu wema sana.

Tulipofika chini ya ngome, mbwa. Wanne! Hakuna mchungaji, hakuna kondoo, mbwa tu, wanashuka kwetu bila kubweka. Anayebweka unajua anataka nini. Nilijikuta nyuma ya Bi Bozhena. Sitaandika zaidi. Mbwa wakampita. Wakampita Zbigniev. Wakaja kwangu, wakakaa chini mstari mmoja, wakanitazama kifuani kama watu kanisani.

Aliyehesabu vizuri jana ameshajua. Tatu na nane ni kumi na moja.

Sikuificha! Niliihifadhi. Mfuko wa ndani wa koti, kwa dharura. Mtu mwenye akili hawezi kutupa riziki.

Kuitoa siwezi, wataondoka na mkono. Kubaki nayo siwezi, nipo chini ya ngome ya mababu na nguruwe kifuani. Na Wapolandi? Wakapiga makofi! Wakasema mtu huyu mbwa wanamtii. Wakanipiga picha kumi na tano. Kwenye zote nimefumba macho.

Tulipofika kwenye gari, lililoletwa Dartlo kutusubiri, watatu walirudi zao. Wa nne, mkubwa kuliko wote, akaingia, akakaa kiti cha mbele. Nikamwendesha mpaka Omalo. Hatukuongea.

Na bado, sikiliza, bado ningeshinda! Wageni walishuka wanaimba. Mama Mzekala mlangoni, anacheka, ananiambia karibu mwanangu, kumbe unaweza. Shete na mbwa tisa walikuwa mbali kama mwezi. Hatua kumi zaidi ningekuwa ndani.

Mbwa akaruka. Koti likachanika, soseji ikaanguka chini, mbele ya kibanda cha bia, mbele ya Torghva na upawa wake. Mbwa akaimeza mara moja. Ushahidi umekwisha, jina la Bwana lihimidiwe!

Nugzari akauliza polepole: "Kile nini, Zezva?"

Nikasema mshumaa.

Na kweli inafanana! Mishumaa yetu ya nta ni myembamba hivyohivyo, ya kahawia hivyohivyo. Nikasema nilikuwa naupeleka khati, nikauwashe kwa ajili ya sikukuu ya Torghva. Macho ya Torghva yakajaa maji. Akanikumbatia. Akasema, "Nasi tulikuwa tunakuona mjanjamjanja." Mama Mzekala akajifuta machozi kwa aproni. Hata mimi nililia kidogo, nilikuwa nimeanza kuamini.

Ndipo Bi Bozhena akaja na kofia yake, kamwonea huruma mtu aliyepoteza chakula. Akanishika mkono, akasema kwa Kirusi cha darasani, safi, kila neno mahali pake: "Usihuzunike, Zezva. Nitamwambia dada yangu akutumie nyingine. Hakuna mtu aliyewahi kuzipenda kama wewe, nane kwa mara moja, na zote nguruwe safi!"

Kirusi, Omalo nzima tunakijua.

Jumapili, 14 Julai

Torghva hakupiga kelele. Ningependa apige.

Aliingia kibandani, akatoka na wanaume watatu, wakalibeba sufuria mpaka ukingo wa korongo na kumwaga. Yote. Shayiri iliyobebwa kwa farasi, kuni za wiki mbili. Ilichukua muda mrefu kuisha. Kijiji kizima kilisimama kinatazama, hakuna aliyenitazama mimi. Nilitaka kusema kitu. Nikaogopa. Ilikuwa hofu nyingine, si ile ya mbwa, na sikulijua jina lake.

Watachemsha upya. Sikukuu itachelewa. Torghva atachinja kondoo wake mwenyewe kuomba radhi kwa ajili yangu. Mimi sirudi ng'ambo ile ya mlima mpaka wanite.

Mama Mzekala kanifungia mkate na jibini kwa kitambaa. Akasema hana hasira, mwanangu, nenda salama. Hilo ndilo lililoniumiza. Wageni wake wote ni wa Nugzari sasa. Nugzari mwenyewe ndiye aliyenishusha. Kwenye msalaba akapunguza mwendo, akajipigapiga goti, akasema, "Linakuaga."

Jumatano, 17 Julai

Naandika nikiwa juu ya paa la banda la Shete.

Shete amepiga kambi upande wa Kakheti, chini kidogo ya kilele, kando ya barabara. Siku ya kwanza alinitambulisha kwa mbwa mmoja mmoja, kwa majina. Wa tisa anaitwa Malaika, amekosa sikio moja. Shete alisema usiwatazame machoni, usikimbie, usinuke woga. Nikamuuliza mtu anaachaje kunuka. Bado anafikiri.

Tsiala kanitumia soksi. Ndani yake kipande cha mkate. Bila barua.

Lakini hapa juu mtu anaona mbali. Naona magari yanapanda. Na kila gari lina kitu kwenye begi! Madereva wengine wanasahau pale darajani, wanakuja kukumbuka hapa, wanachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa. Wanahitaji nini? Mtu mwaminifu. Kibanda. Kibao: TUNATUNZA NGURUWE WAKO, UTAMKUTA UKIRUDI. Wakirudi baada ya siku tatu, tunasikitika, tunasema panya. Nani atabishana na panya?

Nimeshaanza. Leo asubuhi Mjerumani mmoja kaniachia soseji moja nene, nimempa karatasi yenye saini yangu. Kibanda sina bado, kwa hiyo nimeiweka mfuko wa ndani, mahali pa usalama.

Ndiyo maana nipo juu ya paa. Wamekaa chini, tisa, mstari mmoja, kimya. Malaika yuko katikati. Ngazi wameiangusha.

Sasa wewe unayesoma, tufanye hivi. Wewe ukae kwenye kibanda, una uso wa kuaminika. Mimi nizungumze na wageni, Kirusi ninacho. Panya wakija, tunagawana nusu kwa nusu, mimi na wewe, na Torghva asijue. Sitaki uniletee kitu chochote cha kuanzia. Ukikubali, panda barabara ya Abano, paa la kwanza kushoto.

Uje na ngazi.