Tenda ya Mashuka

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Nimepata tenda! Mashuka yote ya hospitali mpya ya binafsi, hapa Mkolani. Mshindani wangu Ndalahwa katoka ofisini kanuna. Niliwaambia nina udobi wangu mwenyewe. Sina hata beseni. Ila namfahamu Machibya wa Igoma. Anafua kwa bei ya kutupa, na mashuka yanarudi meupe mpaka unaogopa kuyagusa.

Tatizo ni metroni, Mama Kokugonza. Mrefu, anaongea polepole kama anasoma misa. Nilimpa shikamoo, ingawa nadhani tunalingana umri. Kasema kabla ya kutia saini atakwenda kuwaona wanaofua. Nikamwambia cha kutazama ni mashuka. Kajibu kwamba mashuka keshayaona.

Jumatano, 7 Septemba

Igoma. Ukuta mrefu, vipande vya chupa juu. Geti lina mnyororo na kufuli, kwa nje! Ndani ni wanawake wanafua. Machibya aliwaleta kwa kivuko kutoka Sengerema, akiwaahidi kazi ya hospitali. Viatu vyao kavifungia stoo, eti visipotee. Mshahara watapata wakishazoea. Mtu mwangalifu sana.

Mmoja wao, Hellen, kaninong'oneza, anauliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumatano. Kanishukuru kama nimempa kilo ya sukari.  

Mpango wa Ijumaa: kufuli litolewe, sare za vitenge, wimbo wa kumkaribisha mgeni. Nimeutunga mwenyewe. Ubeti wa pili unanitaja. Viatu Machibya kagoma kutoa. Sawa. Nani hutazama miguu?

Ijumaa, 9 Septemba

Metroni hutazama miguu.

Wimbo ulianza vizuri, ukafa kabla ya kufika kwenye jina langu. Mama Kokugonza kavua saa, kapindua ndoo, kakaa, kaanza kufua nao. Metroni mzima! Akatuomba mimi na Machibya tukamletee soda. Tukaenda wote wawili, wajinga sisi.

Tuliporudi alikuwa kasimama.

"Bwana Machibya, anayetaka kurudi kwao leo anapita wapi?"

Machibya kasema wana deni lake la nauli na chakula, hatoki mtu.

"Basi watapita hapa."

Kasukuma geti, kasimama kalizuia kwa mgongo. Hakupaza sauti. Hakuna aliyesogea. Kisha Hellen akaweka chini shuka alilokuwa anakamua. Hakwenda getini. Kaenda stoo, kaupiga mlango teke, katoka amekumbatia viatu, akavigawa huku akiita kila mtu kwa jina lake. Machibya anaogopwa Igoma nzima. Leo kampisha!

Wakatoka, mikono ina povu bado. Mmoja alifika barabara ya Musoma akasimama katikati ya vumbi, anatazama huku na huku, kama haamini kwamba barabara ni ndefu vile.

Nimewahi kuona mvua ikija juu ya ziwa imesimama kama ukuta. Nimeona radi ikipasua jiwe. Kama hili la leo sijawahi kuona. Soda zote nilikuwa nazo mkononi.

Jumamosi, 10 Septemba

Machibya yuko polisi. Waliotaka kurudi kwao wamepanda kivuko. Hellen na wengine wameajiriwa hospitali, kwa mshahara. Tenda yangu imekufa.

Metroni kaniita. Kauliza kama niliuona ule mnyororo. Nikasema ndiyo. Kauliza niliwaza nini. Nikasema niliwaza Igoma kuna wezi.

Kanitazama mpaka nikasahau pa kuweka mikono. Kasema mgonjwa wake hawezi kulalia shuka lililofuliwa na mtu aliyefungiwa, na kwamba sasa atamfikia kila anayeiuzia hospitali kitu, kuanzia kuni mpaka pamba. Nilitoka kinyumenyume, kama mbele ya altare. Mwanamke wa ajabu! Nimeamua kubadilika.

Jumatatu, 12 Septemba

Hospitali inatafuta wa kuleta samaki wa wagonjwa! Nimempata Maige, mwenye kambi ya wavuvi kisiwani. Sangara wake ni rahisi kuliko wa mwalo wowote wanakoshushia samaki. Vijana wake hawaendi likizo, hawadai chochote, na jioni mitumbwi yote anaifunga kwake. Safari hii sikumsubiri metroni. Nimekwenda kukagua mwenyewe, nimezunguka kisiwa kizima kwa miguu yangu. Hakuna geti popote!