Beberu Wangu Mwenye Sikio Jeupe

Jumanne, 9 Mei 1978

Nimewaza mambo matatu kabla ya kumaliza chai. Ngamia anakaaje na kiu siku zote hizo na figo hazimuumi? Sheria ya bahari inafika mto wetu wa Ewaso Nyiro? La tatu ndilo kubwa. Mbuzi wa jirani yangu Ekaale wamezaa, na vitoto vinne vina sikio moja jeupe. Sikio la beberu wangu! Nimeshtuka hadi chai ikaniunguza ulimi. Mimi Jillo, msomi wa sheria (kwa posta, lakini ni sheria), nimeibiwa mbegu mchana kweupe, hapa Kiwanjani!

Nimemdai Ekaale vitoto viwili. Alicheka mpaka akakaa chini. Ati beberu wangu ndiye aliyeruka ua, akala sukuma wiki yake, na yeye hakunidai kitu. Mtu asiyejua sheria ana raha sana.

Jumatano, 10 Mei

Hawo, mke wangu, amesema niache mbuzi za watu. Ati maziwa yetu yanatosha chai na mtoto, na nikiyachezea atapanda lori aende kwa mama yake, huko Merti. Na mtoto atamchukua. Mimi nilikuwa nasoma habari za padri mmoja wa Ulaya aliyepanda njegere akagundua urithi. Njegere zina sheria, mbuzi wakose?

Ijumaa, 12 Mei

Wallahi, siku gani hii!

Baada ya swala nilifika kwa wazee, pale sokoni, na chaki. Mzee Bonaya alisema jambo ni jepesi, mtoto wa mbuzi ni wa mwenye mama. Nikamwambia hiyo ni mila, sasa tazama sayansi. Nikachora ukutani: beberu, mama yake, nyanya yake, wote sikio jeupe, mpaka mbuzi wa kwanza aliyekamuliwa na marehemu baba. Wazee wakasogea kutazama. Nikajua nimeshinda.

Mzee Bonaya akauliza, kwa upole, huyo wa kwanza alitoka wapi. Na mimi kwa kujua kwangu nikajibu! Nikasema Mama Kabale wa Kinna alimpa baba mwaka wa ukame, kwa dabare, ule mkopo wa mbuzi: unywe maziwa tu, uzao ni wa mwenye mbuzi.

Subhanallah! Nilijisikia mwenyewe nikisema.

Mama Kabale alikuwa pale pale, ameleta ndizi sokoni. Alisema alikuwa amewasahau kabisa mbuzi hao. Akaniombea Mungu anizidishie elimu. Mbuzi wangu wamekwenda naye wote, beberu mbele, hata hakugeuka.

Jumamosi, 13 Mei

Hawo amepanda lori. Mtoto, sufuria, mkeka, vyote. Sikuamini mpaka vumbi lilipotulia. Mtoto alinipungia mkono, nami nikalia nyuma ya choo. Chai ya strungi, bila maziwa, asubuhi, strungi jioni.

Ijumaa, 19 Mei

Hawo amerudi! Mama Kabale alisikia, akarudisha mmoja wa wale mbuzi, mwenye mimba. Ni dabare, lakini kwa Hawo. Mama Kabale alisisitiza mbele ya wazee kwamba Jillo asishike hata kamba. Na likitokea neno lingine la kesi, mbuzi arudi Kinna siku hiyo hiyo. Hawo akasema na yeye atarudi Merti, safari hii moja kwa moja. Nimekubali. Nimeapa. Mtoto amelala kifuani kwangu, na chai ina maziwa.

Jumapili, 21 Mei

Mbuzi amezaa alfajiri. Nimeshtuka! Kitoto ni cheusi tii, na mstari mweupe puani. Pua ya beberu wa Ekaale! Aliingia lini uani kwangu? Kwa ruhusa ya nani?

Ekaale amekuja kutazama. Amesema hongera tu, akamwachia Hawo sukari. Hongera! Hayo ni maneno ya mtu anayeandaa kesi. Lazima nimtangulie.

Hawo yuko mtoni anafua. Mzee Bonaya nimemwona akipita. Chaki ninayo.