Lori Letu Haliamkii Vigari

Jumatatu, 7 Juni 1954
Habari kubwa! Mzee Nassibu, mwenye lori, katuambia sisi matingo wake, wapakiaji mizigo, kwamba Jumamosi atampeleka mmoja polisi akafanye mtihani wa leseni. Mmoja tu! Mimi au Masele. Huyo Masele ni wa kijijini Lusu, mpole mpaka anatia usingizi. Nimemshauri aanze kuzoea kuniita dereva. Mtaa mzima wa Chemchem, hapa Tabora, wanajua nimeshachaguliwa. Niliwatangazia mwenyewe.

Jumanne, 8 Juni
Somo la taa. Giza likiingia, za mbele ziwake zote mbili. Njia tupu, washa kali. Ukikutana na gari, kanyaga kitufe cha mguuni taa ziiname, usimpofushe mwenzio. Ndiyo sheria, kasema Mzee. Masele akauliza, na mwenzangu asiposhusha? Mzee akasema, wewe shusha. Masele akaitikia ewaa, kasuku yule!
Mimi nikafikiri zaidi. Ndiyo faida ya kufika darasa la nne (karibu lote). Kuinamisha taa ni nini kama si shikamoo? Na tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo? Lori letu kubwa, halafu lina umri kunishinda. Vigari vianze vyenyewe.

Alhamisi, 10 Juni
Tumetoka Urambo na mitumba, yaani marobota, ya tumbaku. Jua lilipozama Mzee akanipa usukani. Mimi huyo! Mbele kikatokea kigari, kikainamisha taa. Kina adabu! Nikakiitikia kwa taa kali. Mzee akapiga kelele, shusha, we mtoto, shusha! Nikamwambia atulie, hiyo ndiyo marahaba.
Kigari kikayumba, kikaingia shamba la mihogo. Akatoka Mzungu, Inspekta wa polisi, yule yule wa kututahini Jumamosi, majani ya mihogo juu ya kofia. Akauliza kwa nini sikushusha. Nikampa shikamoo kwanza, kisha nikamweleza taratibu kwamba gari lake ndilo dogo. Mzee akashika kichwa. Sijui kilimuuma kwa nini.

Jumamosi, 12 Juni
Kaenda Masele. Kafaulu! Eti Inspekta kamuuliza, ukikutana na gari? Akasema nashusha taa. Hata likiwa dogo? Akasema hata pikipiki. Mtu hana fahari kabisa. Mimi nimehamishiwa juu ya mitumba. Mzee kaapa kwamba nikigusa tena usukani nitarudi Tabora kwa miguu.

Jumatano, 16 Juni
Aibu tupu. Masele anamshushia taa kila anayekuja. Lori zima limeinama kama mkwe! Nimeazima tochi ya betri tatu. Masele akishusha, mimi huku juu namulika. Jana basi zima lilisimama, dereva kaziba macho kwa mikono yote miwili. Mzee akauliza kutoka chini ni nani anamulika. Nikamjibu ni mwezi.
Heshima imeanza kurudi barabarani.